Mashahidi Wawili Wasiopatana

Ma Saluni wa Muleba amefariki, na habari ya kifo chake ilizuiwa mlangoni na jukwaa lake mwenyewe. Mnisamehe kwa kuanza hivyo. Msiba ni msiba, najua, lakini sentensi hiyo nimeiandika huku nacheka na machozi yananitoka, na sitaki mtu aniulize machozi ni ya upande gani. Jukwaa ninalolisema ni lile la kwenye simu, Kijiwe cha Migomba, ambako watu wa Bukoba na Muleba, waliobaki nyumbani na waliotawanyika, hukutana kubishana kuhusu kahawa, wakwe, mipaka ya vibanja vya migomba na ni kijiji gani kinachojua kukaanga wale panzi wetu, senene. Yeye ndiye aliyekuwa admin. Kila andiko lilipita kwanza kwenye simu yake. Akiridhika analiruhusu, asiporidhika analirudisha kwa mwenyewe pamoja na maneno mawili matatu ya kumchoma. Na kwa habari za vifo alikuwa na sheria ambayo hakuwahi kuilegeza kwa mtu yeyote: tanzia haitoki mpaka ithibitishwe na watu wawili walioona kwa macho yao, na hao wawili wawe hawapatani. Siyo wasiofahamiana. Wasiopatana. Marafiki, alisema, hukubaliana hata kwenye uongo, lakini ukiona watu wasiosalimiana wamekubaliana jambo, basi jambo hilo lipo.

Ndipo akafa yeye. Presha ilimpanda, akafia hospitali asubuhi, mchana mwili ukafikishwa nyumbani kwao Kishanda na maziko yakapangwa kesho yake alasiri. Waliokuwa karibu wakaandika tanzia haraka haraka, na tanzia zote zikajipanga foleni kwenye simu yake zikisubiri ruhusa ya mtu ambaye ndiye anayetangazwa. Simu ilikuwa mkononi mwa mdogo wake, mwanamke anayeishi Bukoba mjini na aliyekuwa akimsaidia kazi ya uadmin. Huyu ni mtu ambaye akipewa sheria na dada yake hailegezi hata dada mwenyewe akiwa amelala sebuleni amefunikwa shuka. Yeye alimwona. Alimfumba macho. Lakini ushahidi wake haufai, maana alimpenda, na wote waliomwona pamoja naye wanapatana naye. Huku nje minong'ono ilikuwa imeanza: kama amekufa kweli, mbona Kijiwe hakijasema? Watu wa Bukoba wakaambiana wasifunge safari kwa uzushi. Ilikuwa inaelekea mwanamke aliyesikiliza nusu ya wilaya mbili azikwe na majirani wa mgomba kwa mgomba tu. Ndipo simu yangu ikalia.

"Kaka," mdogo wake akasema, sauti imekauka kwa kulia, "wewe na Radi ya Buganguzi siku hizi mkoje?"

"Vibaya," nikamjibu. "Vibaya sana."

"Hamjasalimiana?"

"Tangu Pasaka. Na hata hiyo salamu nilimpa mke wake, yeye akaidaka njiani."

"Mungu awabariki," akasema, akaanza kulia upya. "Njooni Kishanda wote wawili. Na tafadhali sana, msipatane njiani."

Hapa lazima nieleze, la sivyo mtadhani nimelewa lubisi. Mhariri wangu amenionya mara nyingi nisitaje majina ya watu kwenye safu hii, na mimi, mtu wa darasa la saba ninayerekebishiwa koma kila wiki, namtii. Sitataja jina la mtu. Lakini jina la kwenye jukwaa si jina la mtu, ni koti tu alilojivisha mwenyewe, na sikumshonea mimi. Kwa hiyo nasema waziwazi. Aliyeniua ni Radi ya Buganguzi, mnunuzi wa maharage anayezunguka vijijini na pikipiki nyekundu. Aliyenivua mali nikiwa bado na pumzi ni Mtumishi wa Bwana, jirani yangu, anayefungua kila asubuhi ya Kijiwe kwa sala ndefu. Mimi mwenyewe jukwaani naitwa Marehemu. Sikujiita. Kwa hiyo msomaji wangu, ukikutana hapa na neno marehemu, ujue ni mimi, mzima, naandika, chai iko mezani. Huyu aliyekufa tumwite Ma Saluni kama alivyoitwa siku zote.

Kifo changu kilikuwa hivi. Nilipanda lori lililobeba ndizi zetu kutoka kijijini, nimekaa juu ya mikungu kama mfalme, tunateremka mlima wa Kamachumu kwenda sokoni Muleba. Kwenye kona breki zikagoma. Lori likalala ubavu, mikungu ikamwagika, na mimi nikawa chini yake. Ndizi ndizo zilizoniokoa. Zilinizunguka pande zote kama mito, vinginevyo leo safu hii ingeandikwa na mtu mwenye shule zaidi. Mguu ulivunjika, na mpaka sasa mvua ikikaribia unanijulisha mapema kuliko redio. Lakini si mguu unaoniuma. Kinachoniuma ni kwamba kijiji chetu kizima kiliacha majembe kikaja mbio, nikasikia vishindo vya miguu, nikamshukuru Mungu, kumbe wamefuata ndizi! Nililala pale nawasikia wanaulizana nani kachukua mkungu wa nani. Mkono mmoja wenye saa kubwa ya rangi ya dhahabu ulipenya kati ya majani, ukanishika kifundo cha mguu, ukavuta, ukagundua huu si mkungu, ukaniachia. Ukahamia kwenye mkungu wa pembeni yangu. Saa ile naifahamu. Kila Jumapili huwa inakaa benchi la mbele.

Sasa, huku kwetu mtu akifa kijijini jembe halishikwi mpaka azikwe. Mtoto anajua hivyo. Radi ya Buganguzi akapita kijijini kwetu na pikipiki yake akitafuta maharage, akaona kibanja baada ya kibanja hakina mtu, majembe yamelala kwenye matuta. Akafika kwangu akamkuta mke wangu amekaa chini analia, maana alikuwa amepata habari ya ajali na hajui niko wapi. Je, Radi aliuliza? Hakuuliza. Baadaye alijitetea kwamba kuuliza maswali kwenye nyumba yenye msiba ni kukosa adabu. Akarudi barabarani, akatoa simu, akaandika: "TANZIA. Mwandishi wetu wa ndizi na maneno makali ametutoka katika ajali. Jembe chini." Wakati ule Kijiwe kilikuwa hakina mlango, kila aandikaye huonekana papo hapo. Mimi nikiwa hospitali nafungwa mguu, watu walikuwa tayari wamenililia, wamenisifu, na baadhi yao wameanza kuambiana ukweli kuhusu mimi.

Mke wangu alinishikia simu nikazisoma mwenyewe. Jamani, kusoma msiba wako ni jambo la ajabu sana, sijui kwa nini watu hawalifanyi zaidi. Mtu ambaye hajanisalimia tangu tulipokuwa vijana aliandika kwamba nilikuwa nguzo ya maisha yake. Mwingine akaandika, "Alikuwa na mdomo, lakini tusimseme, amekwenda," halafu akanisema kwa aya tatu. Na Mtumishi wa Bwana, mwenye saa, aliweka sala ndefu kuliko zote, yenye malaika, mito ya asali na kitanda cha raha ya milele. Bila shaka aliiandika ameshiba. Nikaomba simu, nikaandika kwa kidole kimoja: "Mimi ni mzima, na ndizi zangu mtazitapika." Baada ya hapo niliandika mengine ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Nilidai Radi afukuzwe, Mtumishi afukuzwe, na kila aliyeweka imoji ya kulia afukuzwe pamoja nao.

Ma Saluni akaniandikia, mbele ya watu wote: "Pole sana kwa ajali na karibu tena duniani. Marehemu amefungiwa kuchangia kwa muda kwa sababu ya lugha chafu." Yaani mimi! Niliyeuawa! Ndipo jina likanigandia. Halafu akamgeukia Radi, akamuuliza nani walikuwa mashahidi wake. Radi akataja watu watatu, wote wakathibitisha kwamba ndiyo, walisikia nimekufa. Akamhoji mmoja mmoja amesikia kwa nani. Huyu kamsikia Radi, yule kamsikia huyu, na wa tatu kamsikia Radi akiwa anamsimulia yule. Akaandika: "Mashahidi wako wote ni wewe mwenyewe, umebadilisha mashati tu." Watu wakacheka wiki nzima. Lakini hakumfukuza, na wala hakuifuta tanzia yangu. Alimtaka Radi aje hospitali aniangalie kwa macho yake, kisha aandike chini ya tanzia ile ile: nimemwona, anapumua, ananitukana. Radi akaja na soda na ndizi mbivu. Ndizi! Nikamtukana vya kutosha, akaandika kama alivyoamriwa, na kosa lake lipo jukwaani mpaka leo, na sahihisho lake liko chini yake, kila mtu asome vyote viwili.

Nilimpigia simu nikiwa na hasira. "Ma, huyu mtu kaniua na unamwacha anatembea?"

"Nikimfukuza," akasema, "nani atabaki wa kukupinga wewe?"

"Kwani nina haja ya kupingwa?"

"Waitu, wewe una haja kuliko wote."

Waitu ni neno letu la heshima, mtu humwambia mkubwa wake au mtu anayemtaka atulie, na yeye alikuwa akilitumia kama kisu. Akanikatia simu, na siku hiyo hiyo ndipo alipotunga sheria ya mashahidi wawili wasiopatana na kuweka mlango kwenye Kijiwe. Kwa hiyo sheria iliyomkwamisha yeye ilizaliwa kwa kifo changu. Mjue hivyo, msije mkasema safu hii haina mpangilio.

Mtu anaweza kudhani alisomea mambo ya hukumu mahali. Alijifunzia saluni kwake. Nilikuwa nampelekea ndizi pale Muleba, na siku moja niliwakuta wanawake wawili wamekaribia kushikana, wote wateja wake, sababu ni mbuzi wa mmoja aliyekula mboga za mwingine, au hakula, ndiyo ilikuwa kesi yenyewe. Ma Saluni hakuwaambia nyamazeni. Aliwaweka rola, akawakalisha kila mmoja chini ya draya yake, akaziwasha zote mbili, akasema, "Sasa semeni." Mmeshawahi kumwona mtu aliye chini ya draya? Hasikii kitu, kwa hiyo anasema kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya ziwa. Wakapiga kelele, kila mmoja akidhani anasikika peke yake, na yeye amesimama katikati na kitana chake anasikiliza kushoto na kulia. Walipochoka akazima draya, akamwambia wa kwanza maneno ya wa pili, na wa pili maneno ya wa kwanza, taratibu, bila matusi.

"Mimi sikusema hivyo!" mmoja akaruka.

"Ulisema vibaya zaidi," akamjibu. "Nimetoa pilipili tu. Nyama ni ile ile."

Na kweli, pilipili ilipotoka ikaonekana nyama ni ndogo: uzio ulikuwa umebomoka, na kila mmoja alidhani ni jukumu la mwenzake kuujenga. Walitoka pale nywele zimesimama vizuri, wakiulizana kuhusu miti ya uzio. Hivyo ndivyo alivyoendesha Kijiwe. Andiko la mtu mwenye hasira alikuwa halitupi. Alimrudishia na kumwambia, "Toa pilipili ulete nyama." Wengine walipotoa pilipili wakakuta sahani tupu, wakaenda kulala.

Msidhani namfanya malaika, maana angekuwa hai angenirudishia hii safu. Alikuwa na upendeleo kwa watu wanaoandika vifupi, na mimi nilionewa sana kwa hilo. Tena alikuwa mbishi akishaamua. Kuna wakati alimfungia mama mmoja wa Rubafu kwa kuandika neno la Kihaya ambalo kwetu Muleba halitamkiki mbele ya mkwe. Watu wa Rubafu wakapiga kelele kwamba kwao neno hilo ni sifa ya mwanamke ajuaye kupika. Alikataa kata kata. Mwishowe akawatafuta mashahidi kwa kipimo chake mwenyewe, wanawake wawili wa kule waliogombania shamba, wasiokubaliana hata jina la mto, na wote wawili wakaapa kwamba neno ni zuri. Akaandika: "Admin amemfungia mtu kwa kutojua lugha yake mwenyewe. Admin naye amefungiwa, mpaka mama huyo aseme basi." Mama wa Rubafu akaonja utamu wa madaraka, wala hakusema basi mpaka kahawa ilipokwisha kuchumwa. Muda wote huo Kijiwe kilikuwa kimya, hakuna wa kuruhusu kitu, na nasikia vibanja havijawahi kupaliliwa vizuri kama msimu ule.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu nilipotoka Kishanda. Sisi watu wa siku hizi tumepewa kidole cha kufuta. Mtu akinikera, namfuta; akinipinga, namtoa; nikiwa admin, nabaki na shemeji zangu na watu wa ukoo wangu wanaoniambia ndiyo mzee, na najiona nina jukwaa lenye amani. Kabla ya simu, ukimsema mtu uongo kijijini utakutana naye kisimani, utamwona uso, utaona na watoto wake. Sasa unamuua mtu ukiwa juu ya pikipiki na hata stendi hujaikanyaga. Nawafahamu maadmin wa majukwaa mengine ya huku kwetu, na makoti yao nayajua: yupo Sauti ya Wanyonge, anayefuta kila kinachomgusa mjomba wake, yupo Mama Haki, ambaye haki kwake inaanzia Kanisa lake na kuishia Kanisa lake. Nimewataja. Wakitaka kunijibu, waje Kijiweni watoe pilipili kwanza. Ma Saluni alikuwa Mlutheri aliyezungukwa na Wakatoliki, na sikumbuki upande wowote uliowahi kumwita wa kwao wakati wa ugomvi. Pande zote zilinung'unika kwa sauti sawa. Alikuwa akisema hiyo ndiyo mizani yake: akisikia mnung'uniko wa upande mmoja tu, anarudi kusoma upya.

Basi, Kishanda. Nilikwenda na bodaboda yangu, Radi akaja na pikipiki yake nyekundu. Kufuatana kungeleta maswali. Alikuwa ametangulia, amesimama kwenye mlango wa uzio anapangusa vumbi viatuni.

"Marehemu," akaniambia, bila kunitazama, "naona umechelewa hata msiba usio wako."

"Wa kwangu uliuwahi wewe," nikamwambia.

Mdogo wake Ma Saluni akatusikia, uso ukamng'aa katikati ya machozi. Akatuingiza mmoja mmoja, ili yule wa nje asijue wa ndani kaona nini, kama dada yake angefanya. Niliingia wa pili. Alikuwa amelala sebuleni, na wasichana wake wa saluni walikuwa wamemseti nywele, hata unywele mmoja haukukosea njia. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, maana siku zote nilimwambia vya kuchekesha, na yeye siku zote alinirudishia. Nikasubiri anirudishie. Sikuwahi kukutana na ukimya wa namna ile. Nikatoka nje najikwaa na mguu wangu mbovu.

Radi alikuwa kwenye benchi, analia kwa sauti kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Nikakaa mwisho wa pili wa benchi. Akasogea kidogo. Mimi nami, sijui mwili ulinituma nini, nikasogea. Akapangusa pua na kiganja, akasema, "Ndugu yangu, ile siku ya majembe, mimi kweli niliona—" na akaninyooshea mkono.

"Msishikane mikono!" Mdogo wake Ma Saluni alitoka ndani mbio, simu juu kama mtu anayekimbiza moto. "Mae, jamani! Sijabonyeza bado! Mkipatana sasa hivi nani atanithibitishia?"

Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Halafu mama mmoja mzee aliyekaa chini akaanza kucheka, akajiziba mdomo na khanga, khanga ikacheka, na kicheko kikatembea uwanja mzima mpaka kwa vijana waliokuwa wanapasua kuni. Radi akarudisha mkono wake mfukoni kama aliyeshikwa ugoni. Nikamwambia mdogo wake asiwe na wasiwasi, aniulize. Akatuuliza rasmi, kwanza mimi, halafu Radi. Umemwona? Nimemwona. Ni yeye? Ni yeye. Amekufa? Amekufa, nikasema. Radi naye akasema hivyo hivyo. Ikabaki kuandika, na Radi akaichukua simu kabla yangu, akaandika, akatuonyesha: "TANZIA. Ma Saluni wetu ametutoka. Jembe chini."

Damu ikanipanda. "Hayo si maneno uliyoniandikia mimi? Huna mengine? Unatuzika sote kwa shuka moja?"

"Nilikosea mtu," akasema Radi. "Sikukosea maneno."

"Maneno yamekwisha tumika!"

"Wewe hukuyatumia mpaka mwisho, si ulifufuka?"

"Hapo," mdogo wake akasema, akijifuta machozi, "hapo nimeridhika." Akabonyeza.

Tulikaa tukiitazama ile simu kama tunasubiri yai lianguliwe. Wa kwanza akaandika: "Nani kathibitisha?" Mdogo wake akajibu: "Marehemu na Radi." Yule akaandika: "Mungu wangu. Basi ni kweli." Na baada ya hapo ilikuwa mvua. Mtu mmoja tu, na sitashangaa akiwa na ukoo na Sauti ya Wanyonge, aliweka pingamizi kwamba kuna picha inatuonyesha tumekaa benchi moja. Mdogo wake akajibu: "Viti vimekwisha." Pingamizi likatupwa.

Kesho yake walikuja. Walikuja wa Bukoba kwa mabasi madogo waliyochanga, walikuja wa Rubafu na mama yao wa neno zuri, akilia kuliko wote, walikuja wale wanawake wawili wa mbuzi, nywele zimesukwa mtindo mmoja. Njiani kote, waliniambia, hawakuona mtu kibanjani. Majembe yalikuwa yamelala kwenye matuta, na safari hii yalikuwa yamelala kwa ukweli. Mtumishi wa Bwana naye alikuja, amejitwika mkungu mkubwa wa kusaidia msiba, saa inameta mkononi. Aliponiona akataka kupita upande mwingine. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Karibu, Mtumishi. Safari hii naona umeshika mkungu kweli." Akautua chini, akatazama udongo, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisali kwa kifupi. Ma Saluni angeiruhusu ile.

Mimi na Radi hatukushikana mikono mpaka jeneza likafunikwa, na hatukushikana baada ya hapo. Nilimpa kisogo, akanipa kisogo, na nimekuja kuelewa kwamba hicho ndicho alichokuwa akitutunzia yule mama miaka yote. Anayenipenda atasema nimelala tu. Atasema nilikuwa mwema, atafuta mabaya yangu, na atakayekuja baadaye hatajua kama niliishi au nilibuniwa. Nimemwagiza mke wangu kwamba siku yangu ikifika asianze na rafiki zangu. Amwite kwanza Radi ya Buganguzi, aingie peke yake, anitazame vizuri, aulize safari hii. Akisema nimekufa, basi wanizike bila wasiwasi. Kwa sababu hiyo tunajihadhari sana tusije tukapatana. Asubuhi ya leo, nikiwa naandika haya, Radi alinipigia simu.

"U mzima?" akauliza.

"Haikuhusu," nikamwambia.

"Vizuri," akasema, akakata.